Uzi wa Kichwa cha Baba

Mkunazini, Unguja
Ramadhani kumi na mbili

Kwa Mama yangu,

Assalaam aleikum. Shikamoo, Mama. Nakuona unavyoitika huku unachambua mchele, hunitazami, lakini mdomo unacheka. Vipi goti? Bado linakusumbua ukiinuka kwenye msala, au ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Mize akuletee imefaa? Na swaumu mnaionaje huko Wete? Sisi hatujambo. Mume wangu Salum hajambo, anakwenda ghalani kwao kuandika magunia ya karafuu na anarudi ananukia karafuu. Mimi mwili hauna maradhi. Ni mikono tu haitulii, na ndiyo iliyoniponza hata nikakaa kukuandikia leo.

Rukia mdogo wangu, wewe msomaji, kabla hujaendelea chungulia nje. Kama baba yupo barazani, mchukue mama mwende uani, na usome kwa sauti ya chini. Wala usitie maneno yako kama mara ile ulipomwambia mama kuwa nimeandika nimenenepa. Sikuandika.

Sasa nisikilize, Mama. Unanijua tangu utotoni. Nilikuwa nikisuka ukili nauacha, nakwenda kumenya muhogo nauacha, nachukua ufagio, na jua likitua kila kitu kiko nusu. Ulikuwa ukiniambia, "Weye Zuwena, mshika mawili moja humponyoka." Huku Unguja nimeshika matano. Hakuna aliyenituma, wala siishi kwa sindano. Napenda tu kushona, na nikipenda kitu unajua sijui kiasi.

Chumba chetu kiko juu ghorofani, na uchochoro wa chini ni mwembamba hata dirisha la jirani yangu Bi Zaitun na langu tunapeana mkasi bila ya kushuka ngazi. Basi mwezi uliopita ungekuja usingepata pa kuweka mguu. Juu ya kitanda mfarishi wa viraka wa Maryamu, binti yake Bi Zaitun, anayeolewa Mfunguo Mosi, Idi ikipita. Viraka vyenyewe nimeviomba kwa mafundi wa Kihindi duka kwa duka, na mfarishi umejaa pamba ndani, mzito kweli. Juu ya cherehani gauni langu la Idi, halina mikono. Mlangoni mapazia yasiyo pindo. Kitini foronya nilizomwahidi shangazi yake Salum aliyeko Makunduchi, nazitarizi maua, na kila nikimaliza ua naona lile la kwanza baya, nalifumua. Salum akarudi kazini, akasimama katikati ya chumba na kanzu yake ameikunja mkononi.

"Mke wangu," akasema, "nnakaa wapi?"

"Kaa popote."

Akakaa, akaruka. Sindano. Tangu siku ile hakai mpaka apapase kwanza.

Katika hayo matano sijakutajia moja, nalo ndilo lenyewe.

Jirani yenu Bi Mize alipokuja huku Unguja mwezi wa Rajabu kutazamwa macho, alinikalia chumbani, akanipa muhogo wenu na salamu za mji mzima, nyumba kwa nyumba. Halafu akafungua pindo la kanga yake, akatoa uzi mweupe uliokunjwakunjwa, una fundo.

"Huu babako kanipa. Kasema nikupe."

"Kasema nini tena?"

"Nkamuuliza, na maneno je? Kasema hapana maneno, atajua mwenyewe."

Nilijua, Mama, hata sijaushika. Tangu nina miaka kumi na miwili ni mimi niliyekuwa nikimpima baba kichwa, napitisha uzi juu ya masikio, nafunga fundo pale unapokutana, na mkia unaobaki nauacha uning'inie. Kofia yangu ya kwanza ilikwenda upande, na baba akaivaa Ijumaa nzima msikitini, watu wakamcheka, asiivue. Wewe ulijua kama anapima, Mama? Nani alimshikia uzi safari hii? Nimejiuliza sana hilo.

Miaka minne sijakanyaga Wete, na miaka minne baba hajaniletea hata salamu. Alitaka niolewe na mtoto wa ami, mimi nikamtaka karani wa Unguja aliyekuja msimu wa karafuu. Hakunizuia. Alikaa mbele ya kadhi, akamshika Salum mkono, akasema yanayotakiwa kusemwa, akainuka. Siku ya meli aliniambia, "Nshakuoza. Basi." Nimeishi na ile "basi" mpaka leo. Ndoa alinipa, radhi hakunipa, na radhi ya mzazi huwezi kuishona ukaivaa. Kisha unaletwa uzi! Mtu mwenye kinyongo na wewe hakupi kichwa chake umshonee kofia, na wala kofia hakuitaja, lakini nilijua anaitaka kwa sala ya Idi. Nililia mbele ya Bi Mize mpaka akasahau macho yake.

Ungedhani ningeweka mengine yote kando. Nilianza hivyo. Nikanunua kitambaa kizuri cha bafta, nikachora maua kwa penseli, nikatoboa, nikaanza kuzungushia uzi tundu moja moja. Kofia ya viua huijui leo, matundu hayahesabiki na hakuna hata moja linaloshoneka kwa pupa. Lakini pupa yangu iliingia mapema. Mtu hupima kwanza, ndipo akachora. Mimi nilichora ule ukanda wa kuzunguka kichwa mrefu tu, na kipande cha juu nikakiachia nafasi pembeni, nikasema nitakata kwa kipimo nikifika mwisho. Uzi wa baba nikautia kapuni pamoja na nyuzi nyingine. Hapo ndipo nilipokosa akili, na nasema mwenyewe kabla hujasema wewe.

Kisha nikaingiwa na hofu. Kila nikisogea mbele najiuliza, nikiimaliza na nikaipeleka, naye akaikunja akaitia sandukuni? Kofia ambayo haijakwisha haina wa kuikataa. Haya nayajua leo. Wakati ule nilikuwa naona mikono inawasha tu, naiweka kofia chini, nashika foronya, naweka foronya, nashika mfarishi. Watu wakanisifu, "Bi Zuwena mchapakazi." Kumbe nilikuwa mkimbizi ndani ya chumba changu mwenyewe.

Siku ya kumaliza mfarishi, mwisho wa Shaabani, Bi Zaitun hakuondoka dirishani.

"Bi Zuwena! Tayari?"

"Naam, bi mkubwa, imebaki kona moja!"

Uzi ukanikatikia. Mkono ukaingia kapuni, na macho yangu yako kwenye gauni la Idi, nawaza nilitie mikono mirefu au mifupi. Nikapata uzi mweupe. Una fundo. Nikaling'ata fundo, nikalitema, nikatunga sindano, nikashikiza pamba ya kona ile, nakata, natunga, nakata, natunga. Bi Zaitun akaupokea mfarishi dirishani kwa vigelegele. Mimi huyoo, nikashika foronya.

Juzi, baada ya adhuhuri, nikafika mwisho wa ukanda wa kofia. Sijui nilipata wapi moyo, labda Ramadhani. Nikanyoosha mkono kapuni kutafuta kipimo. Hakuna. Nikamwaga kapu, nikakung'uta mapazia, nikafungua mito. Salum akanikuta nimepiga magoti chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?"

"Kichwa cha baba."

Akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Maskini akachuchumaa naye tukatafuta wote, mpaka akachoka akasema, "Nipime mimi. Vichwa vya watu wazima vyote sawasawa."

"Chako kimechongoka nyuma," nikamwambia, na Mungu anisamehe, maana na yeye alikuwa amefunga na ana njaa.

Ningewezaje kukisia? Ikiwa kubwa itamshukia kwenye nyusi, ikiwa ndogo itamkaa utosini, na baba atajua papo hapo kwamba uzi wake sikuutumia. Atasema nimedharau. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimejiinamia, ulimi ukapita kwenye meno, ndipo nikalikumbuka lile fundo.

Nikavaa buibui nikashuka. Bi Zaitun alikuwa ameshautia mfarishi kwenye sanduku la harusi, umefukizwa udi.

"Unataka kuufumua mfarishi wa bibi harusi? Weye una wazimu, au swaumu imekupanda kichwani?"

Nikamweleza yote, baba, meli, uzi, fundo. Bi Zaitun akaenda akaleta mkasi yeye mwenyewe.

"Mie mama yangu alikufa sijamtaka radhi," akasema. "Nlikuwa nasema kesho, kesho. Fumua. Ila urudishie leo leo."

Nikafumua kona. Uzi wa baba nikautoa kipande kipande, vitano kwa jumla, vimesokotana na pamba. Nikavipanga juu ya paja, Bi Zaitun kashika ncha ya huku, mimi ya kule. Lakini fundo halipo. Kichwa kiliishia wapi na mkia ulianzia wapi, nani ajuaye? Nikaishona ile kona kwa uzi mwingine, nikalia nikishona, na viraka viwili vya Maryamu vina machozi yangu.

Niliporudi nikafanya jambo ambalo hujapata kuniona nikilifanya. Foronya nikazifunga, nikampelekea shangazi maneno kwamba mpaka baada ya Idi. Mapazia nikayatia kabatini. Gauni nikalitundika bila mikono yake. Nikakaa na kofia peke yake siku mbili, nikarudia kila tundu lililolegea. Mama, ni kazi ngumu kukaa na kitu kimoja! Miguu ilikuwa inataka kwenda dirishani, mikono inataka kufungua kabati, nikaikatalia. Kofia sasa imekwisha, isipokuwa pale pa kuungana.

Nilitaka kukuandikia umpime akijilaza mchana, au upime kofia yake kuukuu bila ya yeye kujua. Barua hiyo niliiandika kweli, nusu ukurasa, nikaichana. Baba alinipa kichwa chake mkononi. Nikikipoteza kisha nikakiiba, hiyo kofia atakayoivaa itakuwa ya nini?

"Basi nenda," akasema Salum. "Kichwa hakipimwi kwa barua." Na yeye atafuata Idi akipewa ruhusa ghalani, anasema anaogopa, lakini atakuja.

Nimo kwenye meli ya wiki ijayo, inshallah. Nakuja na kofia, sindano moja na kibonge kimoja cha uzi. Ukinisikia nasema nimechukua na foronya nishone njiani, nipige.

Nisalimie Bi Mize, mwambie macho yake yaliona na uzi aliufikisha, kosa ni langu. Msalimie bibi yangu mzaa mama, mpe mkono wa kulia na umpigie kelele kidogo ili asikie. Msalimie ami Khamis, na mwanawe aliyenikosa, nasikia ameoa mwanamke mtulivu, kapata afadhali. Wasalimie wanawake wote wa kisimani kwetu. Salum anakushika miguu.

Rukia, sasa basi kusoma chini chini. Ondoka uani. Nenda mpaka barazani, usimame mbele ya baba, na haya yanayofuata uyasome kwa sauti, hata kama hakutazami.

Baba, shikamoo.

Rukia, nyamaza hapa. Usiendelee mpaka umsikie. Ukikaa sana na hajaitika, soma vilevile.

Baba, uzi wako ulifika, na niliujua. Kwa haraka zangu nimeuharibu, siwezi kukudanganya. Kofia nimeishona, imebaki kufungwa, na sitaifunga kwa kukisia. Nnakuja kukupima mwenyewe, kama zamani. Nyoa kichwa kwanza, halafu unisubiri.

Mwanao,
Zuwena