Hukuteremka Fort Ternan

Mama yangu mpendwa,

Sikuulizi hali, maana kaburi lako naliona kutoka mlango wa jikoni kila nikija kumtembelea Baba. Nakuandikia kwa sababu asubuhi ya leo nimeshika paji la uso la mtoto wangu, na mkono ukalikumbuka joto la paji lako. Nimeogopa, Mama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukicheka? Tukichuma majani chai, ukungu umetufunika hadi kiunoni, ulipenda kuwatania wageni waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa na neti zao za mbu mizigoni. Ulisema mbu wa huku kwetu anatetemeka kwa baridi, atapata wapi nguvu ya kuuma mtu. Malaria ilikuwa ugonjwa wa huko chini kwenye miwa na joto. Sisi wa huku juu tulikuwa na mafua na magoti yanayouma. Mtu wa kwetu akiugua malaria hakuulizwa anaumwa wapi, aliulizwa alikwenda wapi.

Swali hilo ndilo lililokuua. Nalisema wazi kwa kuwa nimechoka kulizunguka.

Mwaka ule mvua ilikataa kuisha, na bado kulikuwa na joto ambalo hata wazee hawakulielewa. Baba alikuwa amechimba udongo bondeni na kufyatua matofali ya ile nyumba uliyoidai tangu uolewe, nyumba isiyo na moshi. Mashimo yakabaki wazi, yakajaa maji, na hakuna aliyeyajali. Tulihamia kabla kuta hazijakauka vizuri. Ulipita chumba hadi chumba ukizipapasa, ukaniambia sasa hatutakohoa tena. Sijawahi kukuona umefurahi vile.

Kisha ukaanza kutetemeka. Jua likiwaka, ulijifunika blanketi zote za nyumba na bado meno yakagongana. Kogo, mama yake Baba, alisimama mlangoni akakutazama bila kuingia. Alijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba kabla ya Baba kulikuwa na mwanamume mwenye duka Fort Ternan, huko chini kwenye miwa, aliyetaka kukuoa. Alijua pia kwamba mwezi ule, siku moja ya soko, wewe ulichelewa kurudi.

"Hiyo homa ya huko chini haiwezi panda huku peke yake," alisema. "Kuna mtu ameenda kuichukua."

Maneno hayo yakafika kituo cha kupimia majani kabla hata sijamaliza kukuchemshia uji. Baba hakukuuliza kitu. Aliacha tu kula chakula ulichokuwa umekigusa, na najua hilo lilikuuma kuliko kichwa.

Pale zahanati dawa za malaria zilikuwa chache, zikihifadhiwa kwa waliotoka huko chini. Hadubini haikuwapo. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikutazama macho, akagusa shingo yako, akainama karibu nawe.

"Mama, uliteremka huko chini hivi karibuni? Fort Ternan, Muhoroni, popote? Ukisema uliteremka nitakuandikia dawa ya malaria."

Ilikuwa kama anakuomba. Kogo alikuwa ameketi nasi kwenye benchi, amekunja mikono. Nilikuwa nimekushika begani usianguke, na nilihisi ukijaribu kukaa wima. Ulimtazama yeye, si daktari.

"Sijateremka," ulisema. "Andika hivyo."

Akaandika homa ya mapafu. Ulidungwa sindano, tukarudi nyumbani polepole kwenye tope. Ukaanza kutoitambua sauti yangu, kisha hata ya Baba hukuitambua. Tulikuzika mvua ikinyesha, na pale pale kaburini nilisikia mtu akinong'ona Fort Ternan. Nilikulilia, na nilikukasirikia pia. Neno moja la uongo lingekuletea vidonge, ukakataa kulisema.

Watu wa kuchunguza mbu walikuja kabla hatujaondoa viti vya matanga. Homa ilikuwa imeingia nyumba nyingi. Walitandaza shuka nyeupe sakafuni na juu ya kitanda chako, ili mbu watakaoangushwa na dawa waonekane, na Kogo alitaka kuwafukuza, akasema shuka za namna hiyo katika nyumba iliyofiwa ni kuita msiba mwingine. Lakini kabla ya kupuliza dawa, mama mmoja miongoni mwao alipita na tochi, akaniita nitazame ukutani. Mbu wa kawaida, alinieleza, hukaa mwili wake ukiwa sambamba na ukuta. Huyu alikuwa ameinamisha kichwa na kuinua mkia juu, na tumbo lake lilikuwa jekundu kwa damu. Damu ya nani kati yetu, sikuuliza.

Baba aliuliza kama yule ndiye mbu wa huko chini. Mama yule akasema ndiye. Baba akauliza kama huenda aliletwa na gari, au na nguo za mtu. Badala ya kujibu, aliomba aonyeshwe maji yaliyo karibu.

Tulimpeleka kwenye mashimo yetu ya matofali. Alichota kwa upawa, akatuonyesha viluwiluwi vya mbu vimelala bapa juu ya maji, vingi mno.

"Hawa hawakuletwa na mtu," alisema. "Wamezaliwa hapa."

Kogo aliketi kwenye nyasi zilizolowa. Mimi nilifurahi, Mama. Nilisimama kando ya lile shimo baya nikafurahi, kwa sababu jina lako lilikuwa limesafishwa.

Jumapili Baba alisimama kanisani baada ya ibada akasema yote: hukuteremka, ugonjwa umezaliwa kwetu, mashimo yafukiwe. Nilingoja watu waje kutushika mkono. Walitazama viatu vyao. Mwishowe jirani yetu, yule mliyekuwa mkipokezana zamu za kuchuma, akasema kwa upole kabisa, "Wacha tu iwe alienda. Sisi tuko na watoto."

Sikumwelewa. Nilimchukia kwa miaka. Baba alifukia mashimo yetu peke yake, na wengine wakaendelea kuchimba yao, maana kila mtu anataka nyumba ya matofali, na kufukia kungekuwa kukubali kwamba homa ni ya kwetu. Nami sikuchoka kukutetea. Kila aliyetaja Fort Ternan mbele yangu alinikoma.

Sasa nimeolewa ng'ambo ya mto. Mtoto wangu wa kwanza ana jina lako; tukimwitia majina ya waliotutangulia, alipiga chafya tulipotaja lako, tukajua umerudi. Tangu azaliwe hajawahi kwenda mbali zaidi ya kanisani. Mvua imeanza tena, ile ya joto. Amejifunika kanga zangu zote na anaomba nyingine. Mume wangu ameenda kutafuta gari, na mimi nakaa hapa nikisikiliza meno yake.

Leo nimemwelewa yule jirani. Nilipigania ukweli wako miaka yote hii, na sasa ukweli huo uko kitandani na mwanangu. Nisamehe, Mama. Leo natamani ungekuwa umekwenda.

Ni mimi bintiyo,
Cherono