Siku Niliyotolewa Karakana ya Kimamba

Mjukuu wangu Yusufu,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Hapa Kimamba tu wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike kule Mikumi, na mpunga mwaka huu umekubali.

Unasema kituo kinacholea kampuni yenu changa ya betri za pikipiki za umeme huko China kinawataka mtoke, mkajitegemee. Unauliza, je, wamewachoka?

Mashamba ya mkonge yalipokufa na biashara ikaachiwa huru, baiskeli za huko uliko zilijaa hapa. Mzee Salehe alinipokea kwenye karakana yake, mwanamke peke yangu, akanifundisha ufundi. Siku moja akasema, "Binti, kafungue yako pale ng'ambo ya barabara." Nililia. Nilidhani nimemkosea.

Asubuhi ya kwanza nilikaa bila kazi. Kisha mteja wake wa siku zote akamletea gurudumu lililopinda. Mzee akanyoosha kidole kwangu. "Mpelekee yule. Magurudumu anayaweza kuliko mimi."

Watu wa huko siwajui, Yusufu. Lakini huyu wa kwetu hakuwa amenichoka.

Bibi yako,
Mwanaidi