Holihoki Zilizong'olewa Dutwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sylvester Nyanda. Umri: miaka 54. Kazi: fundi baiskeli, pia mkulima wa pamba. Makazi: Dutwa, Bariadi.

Mnamo tarehe 18 Septemba 2025, asubuhi, Dutwa kulitokea tukio kubwa: ua la jirani yangu Philomena lilitoa kitumba. Najua, afande, si habari ya kukutoa ofisini.

Maua hayo anayaita holihoki. Mbegu aliletewa na bintiye Veronica kutoka Njombe. Alizisia mwaka jana kwenye makopo, kisha akahamishia miche uani. Yakatoka majani matupu. Nilimtania, "Mayu, mama yangu, unafuga majani?" Akanijibu, "Maua ni mwaka wa pili, fundi. Baiskeli yangu uliniahidi kesho, nikangoja miezi mitatu. Nimezoea."

Tarehe 20 Septemba alikwenda msibani Maswa. Saa kumi jioni Dastan Mboje, mnayemshikilia sasa, aliniita kwenye ua wa minyaa wa Philomena. Ni kweli yeye na Philomena waligombana mwezi wa sita kwa sababu ya mbuzi wa Dastan, na tangu hapo hawasalimiani. Akasema, "Muda wa kung'oa masalia ya pamba umepita. Wakaguzi wakija, huyu mama atapigwa faini. Hebu tazama, si pamba hii?"

Nilitazama. Holihoki zake nilizoea kuziona kwa mbali tu, sikujua ndizo hizi. Majani mapana yenye vidole, vitumba vile vile. Nimelima pamba miaka thelathini. Nikasema, "Ni pamba."

Akasema, "Basi nimng'olee, asije akaumbuka."

Aling'oa mitatu. Wa nne ulitoka na mzizi mnene, mweupe, kama muhogo mchanga. Pamba haina mzizi wa hivyo. Tukatazamana. Akasema, "Fundi, tumeharibu." Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono.

Ndipo Philomena akaingia kutoka msibani, akamkuta ameshika mche. Akasema, "Dastan, hata maua?" Watu wakajaa. Mimi nilikuwa nyuma ya minyaa, nikaona aibu, nikabaki huko huko.

Mlalamikaji anasema alimkuta aking'oa. Sivyo. Kung'oa aling'oa, na mimi ndiye niliyemwambia ni pamba. Lakini alipokutwa alikuwa anarudishia. Mitatu ilikuwa tayari imerudi ardhini. Ule wa mkononi ulikuwa wa mwisho.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: S. Nyanda

Yamechukuliwa nami, Koplo Hashimu. Mlalamikaji, aliyekuwa kwenye benchi nje, ameomba asomewe. Amesomewa, kisha ameomba kuonana na mtuhumiwa.