Nimkubali Mchumba, Nimfute Shangazi?

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla ya Jumamosi, maana nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa makochi na mchumba wangu ni nesi, tulijuana alipoleta kiti kilichochanika karakanani kwangu, redio ikibishania kama rais apewe uwezo wa kufuta kifungu kimoja cha bajeti na kusaini vilivyobaki, basi nami kwa kujifanya najua nikasema hapana, bajeti ni kama kochi, ukichomoa springi moja usiyoipenda utakaa upande, kwa hiyo asaini yote au arudishe yote bungeni, naye akanijibu kwamba wodini mgonjwa akikataa kidonge kimoja hanyang'anywi na vingine, tukabishana mpaka nikasahau kumwambia kiti kiko tayari, akaja tena kesho yake kubishana tu, ndipo nikajua mambo yameiva.

Wiki iliyopita baba yangu mdogo alikwenda kwao kunisemea. Anasema baba mkwe alikuwa amenuna, hataki binti yake aolewe na mtu wa misumari na sponji, mara shangazi wa mchumba akamwita mzee jikoni, wakakaa huko kitambo, na walipotoka mzee akakubali kila kitu: harusi mwisho wa mwezi, sherehe uani kwao, binti aendelee na kazi yake, bendi ya rafiki zangu ipige, na shangazi aje kukaa nasi mwaka wa kwanza. Yote kwa pamoja, na jibu wanalitaka Jumamosi.

Nilikuwa narukaruka kwa furaha mpaka niliposikia hilo la mwisho. Shangazi huyo kicheko chake kinavuka barabara, anaimba alfajiri, na kila akipita karakanani hukalia kochi la mteja, akajitingisha, akatangaza mbele ya watu kwamba linalia. Nikamwambia mchumba wangu tukubali mengine, la shangazi tulifute. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Leo rais ni wewe, na kalamu unaitaka," akasema. "Saini yote au rudisha yote."

Nampenda mwanamke huyu jamani, sitaki kumkosa, na nikirudisha naogopa mzee atanuna tena. Je, nimfute shangazi kimyakimya kupitia baba mdogo? Na nikifanya hivyo, ndiyo nimeshindwa ule ubishi?

Fundi Springi

*

Fundi Springi,

Hongera, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Lakini wewe, macho unayo ya kazi gani? Mzee amenuna, shangazi kamwita jikoni, mzee katoka amekubali. Unadhani kule walikuwa wanaonja chumvi? Shangazi alikuwa anakutetea, na nakuhakikishia huo mwaka mmoja ndio uliomtuliza mzee, kwamba binti yake hatakuwa peke yake na mtu wa misumari. Ukiufuta, usishangae na mengine yakifumuka.

Hata bungeni ni hivyo hivyo. Watu huafikiana kwa kupeana, huyu barabara, yule zahanati. Rais akipewa kalamu ya kuchagua, atawakata wasiompigia makofi, na kesho hakuna atakayemwamini mwenzake. Ila mchumba wako naye ana lake, maana ndani ya furushi kubwa watu huficha takataka. Mimi ningempa rais kidole tu: aonyeshe kifungu kinachomkera, aseme sababu hadharani, kisha waliofunga furushi waamue wenyewe. Kwa hiyo ubishi wenu ni sare, msinisumbue tena.

Sasa sikiliza. Habari ya kimyakimya iache, hiyo ni tabia mbaya. Jumamosi fuatana na baba yako mdogo, kubali yote, shukuru, halafu mgeukie shangazi mwenyewe kwa adabu umwombe nyimbo zianze baada ya chai. Akikataa, jifunze maneno uimbe naye.

Na usiende mikono mitupu. Mtengenezee kiti, springi mpya, akikalie mbele ya ukoo mzima na ajitingishe apendavyo. Katika nyumba ile, kura yako ya kwanza aliipiga yeye.