Wodi Mbili, Magwinya Sahani Moja

Oratile rafiki yangu, nina hasira! Niko hospitali na mdogo wangu Phenyo.

Sista wa wodi ya mateja kamkataa. Eti anasikia sauti, nimpeleke kwanza wodi ya akili. Haya, nikampeleka.

Kule sista kampima mkojo, kakuta nyaope, ule unga anaovuta. "Dada, aache kwanza wiki mbili, ndipo umlete." AACHE! Angeweza kuacha mwenyewe, ningemleta kwenu kufanya nini?

Nikarudi wodi ya mateja. Nikarudishwa. Mara nne, Oratile. MARA NNE! Mpaka Phenyo ananiuliza, "Dada, kwani mimi naumwa nini?"

Saa saba mchana nawakuta masista hao hao wawili chumba cha chai, wanakula magwinya, yale maandazi ya mviringo, sahani moja, wanacheka. Kumbe ni marafiki!

Nikamkalisha Phenyo katikati yao. "Magwinya mnagawana. Basi mgawaneni na huyu!"

Halafu mmoja ananiambia, "Dada, hiki chumba ni cha wafanyakazi."

Phenyo akachukua gwinya la mwisho. "Asante, sista."

Tangu asubuhi, hicho ndicho kitu pekee alichopata hospitali hii.