Swali la Beatrice Kuhusu Kifo Chako

Mume wangu, Baba Mwanasha,

Juzi niliulizwa kuhusu wewe kazini, na sikuhisi kitu. Ndiyo maana nakuandikia.

Tulikuwa kwenye chumba cha dobi pale hotelini Diani, mimi na Beatrice, tunakunja mashuka. Hukumjua, alikuja kutoka bara ukiwa umeshakufa. Tulipokaribiana kuunganisha ncha akaniuliza, hata sauti hakuipunguza: "Mama Mwanasha, si uniambie tu ukweli. Mzee wako alijiua, ama ni hiyo presha mnasemanga?"

Wenzetu kwenye pasi wakageuka kututazama.

"Shika vizuri, lisiburutike chini," nikamwambia. Tukaendelea kukunja.

Kutwa nzima nilifikiri nimjibu nini. Ningeweza kusema presha, kama ndugu zako walivyotuagiza siku ya maziko kule Kikoneni. Nimeisema hata ulimi umezoea. Ningeweza kumtukana, lakini hasira yenyewe sikuiona ilipo.

Nikakukumbuka ulivyokuwa ukijibu watu. Hoteli yenu ilipofungwa ukaachishwa upishi, majirani hapa Ukunda walikuuliza, "Bwana mpishi, mbona siku hizi huendi kazini?" Nawe ukawajibu, "Nimewaacha wazungu wajipikie, waione tabu yake!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha ukaingia ndani, ukakaa kitandani na viatu miguuni, chai ikapoa mkononi.

"Una nini?"

"Sina kitu, mke wangu."

Jibu la namna hiyo sikutaka kumpa Beatrice.

Jana asubuhi nilimwita Beatrice kando kabla hatujavaa sare.

"Lile swali lako sitalijibu," nikamwambia. "Yuko mtu anayestahili kuambiwa, na si wewe. Tena usiniulize mambo yangu mbele za watu."

Akainamisha uso. "Pole, mama. Nilisikia tu watu wakiongea."

"Wakiongea, wewe nyamaza."

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mwanasha juu ya mbuzi, anakuna nazi. Amekuwa mrefu, mabega ni yako. Nikakaa mbele yake. Maneno mazuri sikuyatafuta.

"Mwanangu, baba yako hakufa kwa presha. Alijiua."

Mikono yake ikasimama. "Najua, mama. Nilisikia kule kule mazikoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa. Nilidhani nikikuuliza, nawe utakufa."

Alilia sana. Mimi sikulia. Nilimshika tu, nikisikia mbavu zake zikipanda na kushuka. Tui halikuchujwa, tukala wali mkavu, na katikati ya kula akaanza kunieleza jinsi ulivyomfundisha kukaanga samaki, ulivyomwambia asimgeuze mapema kwani atang'ang'ania karai. Sikuwa nalijua hilo. Alikuiga hata sauti. Ilikuwa mara ya kwanza jina lako kutajwa mle ndani bila mtu kuangalia mlango.

Moyo wangu ungali na ganzi, sikufichi. Sijui kama nimekusamehe. Nikijipapasa sioni jibu. Lakini mtoto alilala usingizi mzito, na leo asubuhi nilipomwamsha kwenda shule aliniamkia, "Shikamoo, mama," akanitazama usoni muda mrefu, kama anayehakikisha.

"Marahaba," nikamwambia. "Nipo."

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe huko utulivu ulioukosa hapa.

Mkeo,
Mama Mwanasha