Mama Picha na Miti ya Mwisho wa Mkanda

Mwaka umekatika, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya masika, kamera yako ikiwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa studio. Mtaa mzima ulikuita Mama Picha. Sisi wanao tulikuita Mama tu, na Baba alikuita Bosi, hasa akitaka chai.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja: stuli ya mteja, pazia la bluu, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisije kuondoka na mtu. Chumba cha nyuma Baba alifanya useremala wake na kutengeneza fremu. Mteja wa picha za pasipoti alikuja na haraka zake, ukampiga, kisha ukamwambia, "Kaa hapo, namalizia mkanda." Enzi hizo mkanda haukusafishwa mpaka uishe. Basi ulivuka barabara ukaupiga picha mti wa mkungu ulio mbele ya posta, picha baada ya picha, mpaka mkanda ukagoma. Mpiga picha mwingine angepiga ukuta tu yakaisha. Na kamera za kisasa zilipokuja, zisizo na mkanda wa kumalizia, wewe uliendelea kuvuka barabara vilevile.

Mti ule uliujua kuliko wenye posta yao. Ulikuwa ukituita tuache sahani zetu, eti majani yamegeuka mekundu. "Njooni muone, leo umevaa." Yakishapukutika, ulisema afadhali sasa mifupa inaonekana. Mvua za kwanza zilikukuta umesimama chini ya bati la posta, kamera umeivisha mfuko wa nailoni, unangoja machipukizi. Ulifurahi kila mara, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli.

Baba alikutania. "Mimi nikiutazama naona milango miwili na kabati."

"Ndiyo maana sitaki uende kule na tepu yako," ulimjibu.

Picha za mti hukuziuza. Ulitia moja katika bahasha ya kila mteja. Kuna bwana harusi alirudi kapandisha mori: "Mama, mbona harusi yangu ina mti?" Ukamwambia huo ni nyongeza, tena autunze, kwa sababu yeye nywele zitamwisha na mti utaota majani mengine. Mtoto akilia kwenye stuli hukumkemea. Ulimbeba mkavuka kwenda kuuona mti, mkarudi amenyamaza na kamasi zimefutwa.

Tulipokuzika, Baba aliingia chumba chake cha nyuma. Alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Halafu siku moja akatengeneza fremu kubwa yenye madirisha kumi na mawili, moja kwa kila mwezi. Alitaka kuuona mti wako ukiuzunguka mwaka mzima ukutani. Akafungua sanduku la negativu, ile mikanda yako iliyokwisha kusafishwa, akakuta bati lilivuja na zote zimegandana.

"Zimeharibika," alisema, akarudisha kifuniko. Siku ile hakula, na kesho yake hakula. Tuliogopa, Mama, tuseme ukweli. Tuliona tunakuzika mara ya pili, na safari hii Baba anakufuata.

Kitindamimba wako ndiye aliyeandika kwenye kundi la mtaa: yeyote ambaye bahasha yake ilikuwa na mti wa Mama Picha, tunaomba. Wakaanza kuja. Fundi viatu, kinyozi, mkunga mstaafu, na yule bwana harusi, kipara kinang'aa, anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Walijaa studio wakibishana.

"Huu ni wa Machi."

"Machi gani una majani namna hiyo?"

Baba alinyoosha mkono, akazipokea moja moja, akazipanga bila kusita. Alijua mwezi wa kila moja. Kumbe muda wote ule wa milango na kabati alikuwa akiutazama kama wewe. Jioni ile alikula.

Likabaki dirisha moja, la mti mwekundu wote. Mshonaji wa mtaa wa nyuma alisema anao, ila tumfuate nyumbani. Baba alikwenda mwenyewe, sisi nyuma yake. Mti ulikuwa ukutani, karibu na picha ya mtoto wake uliyempiga kwenye stuli yako. Mtoto alifariki mwaka uleule, na mshonaji hakuwa na picha yake nyingine.

"Mzee, mtanisamehe," mshonaji alisema. "Mtoto nilishindwa kumtazama, miaka. Nikawa naanza na huu mti. Nikishauzoea, ndiyo nahamia kwake. Mpaka leo naanza nao. Siwezi kuutoa."

Baba alisogea ukutani. Kisha akaona kona ya fremu ya mtoto imelegea, akaiteremsha, akaikaza kwa bisibisi yake ya mfukoni, akairudisha mahali pake. "Usiutoe, mama," alisema. Sisi tulitaka kuupiga picha kwa simu, angalau tupate nakala. Akatukataza.

Fremu sasa imetundikwa studio, pale lilipokuwa pazia. Dirisha moja halina kitu, ukuta unaonekana. Wageni wakiuliza picha hiyo iko wapi, Baba huwajibu, "Hiyo iko kazini."

Unakumbukwa na mumeo, fundi, wanao, yaani nesi, dereva na kitindamimba wako, mkweo uliyempiga picha amefumba macho ukakataa kurudia, wajukuu, dada zako na wifi zako, na wote waliofungua bahasha wakakuta mti. Pumzika, Mama Picha. Hatukusahau, wala hatutakusahau.